Kazi Moja, Mishahara Miwili: Wachumi Wanasemaje?

Wiki hii katika mazungumzo yetu ya redioni nilizungumzia jambo ambalo kila mwisho wa mwezi huzusha manung'uniko katika nyumba nyingi za jiji hili, kuanzia Mbagala na Tandika hadi Tandale na Mwananyamala. Jambo lenyewe ni mshahara. Sikuzungumzia udogo wake tu, maana huo kila mtu anaujua, bali tofauti zake. Kwa kuwa wasikilizaji kadhaa waliomba maelezo yale yaandikwe ili wayasome kwa utulivu, nayarudia hapa, na palipohitaji hesabu nimeongeza hesabu.

Tuanze na mfano. Chukua walinzi wawili wanaokesha katika mtaa mmoja wa Mikocheni, kila mmoja kwenye geti lake, wakitazamana. Wote wamemaliza kidato cha nne, wote wana filimbi na rungu, na wote hupanda daladala alfajiri kurejea Mbagala. Mmoja ameajiriwa na kampuni kubwa ya ulinzi, mwingine na kampuni ndogo. Kwa amri ya mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 1, 2023, wa kwanza alistahili kima cha chini cha shilingi 222,000 kwa mwezi na wa pili shilingi 148,000. Mwizi akija hatawauliza kampuni zao ni kubwa au ndogo. Usiku ni uleule, mbu ni walewale na hatari ni ileile. Lakini mwisho wa mwezi mmoja alimzidi mwenzake shilingi 74,000, ambayo ilikuwa sawa na nusu nzima ya mshahara wa yule wa pili.

Kwa nini iwe hivyo? Swali hili wataalamu wa uchumi wamelifanyia utafiti kwa miaka mingi, na baadhi ya utafiti unaosomwa katika vyuo vikuu duniani ulifanywa hapahapa Dar es Salaam, kwa kuwahoji wafanyakazi wa jiji hili. Basi ni haki yetu wenye jiji kujua ulisema nini.

KIMA CHA CHINI HUPANGWAJE

Kwanza tuiangalie sheria. Chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, huundwa bodi za mishahara za kisekta ambamo wamo wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi. Bodi hutakiwa kutazama mambo mengi: gharama za maisha, uwezo wa waajiri kuendelea na biashara, hali ya biashara ndogo, haja ya kupunguza umaskini na kiasi ambacho mtu hawezi kuishi chini yake. Kisha hupeleka mapendekezo kwa waziri, naye hutoa amri katika Gazeti la Serikali.

Kwa hiyo nchi yetu haina kima cha chini kimoja katika sekta binafsi. Ina vingi. Katika amri ile ya mwaka 2022, taasisi za fedha zilipangiwa shilingi 592,000, biashara na viwanda shilingi 150,000, kilimo shilingi 140,000. Wafanyakazi wa ndani waligawanywa katika makundi manne. Aliyeajiriwa na mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa alipangiwa shilingi 250,000. Aliyeajiriwa na ofisa mwenye stahili hiyo kazini kwake shilingi 200,000. Asiyelala kwa mwajiri shilingi 120,000. Na waliobaki, yaani walio wengi, shilingi 60,000. Tazama vizuri mgawanyo huo. Masufuria yanayosuguliwa ni yaleyale na watoto wanaobebwa ni watoto walewale. Kinachotofautisha mshahara ni nani anakaa sebuleni.

Viwango hivyo vimekwisha kubadilishwa. Oktoba 2025 Serikali ilitangaza amri mpya ya kuanza Januari 1, 2026, ikipandisha wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi kutoka shilingi 275,060 hadi shilingi 358,322. Kabla ya hapo, watumishi wa umma walikuwa wamepandishiwa kima cha chini kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kuanzia Julai 1, 2025. Hata hivyo, amri mpya haikufuta swali letu. Makundi yangalipo, na tofauti ya mtumishi wa umma na wa binafsi ingalipo.

JE, NI ELIMU?

Jibu la haraka analolitoa kila mzazi ni kwamba tofauti ya mishahara inatokana na shule. Soma, mwanangu, upate kazi nzuri. Wachumi wawili, John Knight na Richard Sabot, waliamua kulipima jibu hilo. Mwaka 1980 walifanya utafiti miongoni mwa waajiriwa wa Dar es Salaam na Nairobi, na matokeo yake makuu yakatolewa katika kitabu mwaka 1990. Waliichagua miji hii miwili kwa sababu Kenya na Tanzania zilifanana kwa mengi lakini zilitofautiana katika sera. Kenya iliacha shule za sekondari ziongezeke kwa kasi, zikiwemo zile za harambee zilizojengwa na wananchi. Tanzania ilitilia mkazo elimu ya msingi kwa wote na ikabana sekondari.

Hawakuishia kuuliza mtu kasoma miaka mingapi. Baadhi ya wafanyakazi waliwapa mtihani wa kusoma na kuhesabu, na mtihani mwingine wa mafumbo ya picha wa kupima wepesi wa akili. Pamoja na mwenzao Maurice Boissiere walitoa matokeo hayo mwaka 1985. Waligundua kwamba wepesi wa akili peke yake uliongeza mshahara kidogo sana. Miaka ya kukaa darasani iliongeza kiasi. Kilichoongeza zaidi kilikuwa ni kile mtu alichokijua kweli, yaani uwezo wake wa kusoma na kuhesabu. Kwa maneno mengine, cheti kilisaidia, lakini waajiri hawakuwa wanalipa karatasi tu. Walilipa ujuzi uliotoka shuleni. Hili ni la kuwaambia vijana wetu wanaodhani kwamba kukaa darasani miaka minne ni sawa na kusoma miaka minne.

Somo la pili linahusu tofauti zenyewe. Tanzania ilikuwa imepunguza pengo la mishahara kwa kutumia amri. Mwalimu Nyerere, alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, alieleza kwamba mwaka 1961 mshahara wa juu kabisa serikalini ulikuwa kama mara 50 ya ule wa chini baada ya kodi, na kufikia mwaka 1976 umeshuka hadi kama mara 9. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Lakini Knight na Sabot walionyesha kwamba ipo njia nyingine ya kupunguza pengo, nayo ni kuongeza wenye elimu. Wakiwa wachache, huwa kama sukari wakati wa uhaba: kila mwajiri anawagombea na bei inapanda. Wakiwa wengi, bei yao hushuka, na pengo kati yao na wa darasa la saba hupungua bila amri ya mtu, huku uzalishaji nao ukiongezeka. Kenya, kwa kufungua milango ya sekondari, ilipunguza faida ya pekee waliyokuwa nayo wachache waliosoma.

Sisi tuliifuata njia hiyo baadaye. Shule za sekondari za kata zilienea kuanzia katikati ya miaka ya 2000, na mwaka 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne. Matokeo yake tunayaona vibarazani: cheti cha kidato cha nne kilichokuwa kikimpa mtu meza ofisini siku hizi kinampa rungu getini. Mwaka 2006 watafiti Måns Söderbom, Francis Teal, Anthony Wambugu na Godius Kahyarara, wakitumia takwimu za wafanyakazi wa viwanda vya Kenya na Tanzania, walionyesha kwamba faida ya kila mwaka wa elimu huwa ndogo katika ngazi za chini na huzidi kukua katika ngazi za juu. Mwenye darasa la saba na mwenye kidato cha nne wanakaribiana. Anayeruka juu ni aliyefika chuo. Kwa mzazi wa Yombo au Kigogo maana yake ni nzito, kwa sababu anagharimia ngazi zenye faida ndogo kwa matumaini ya kufika ile yenye faida kubwa, na wengi fedha huwaishia katikati ya ngazi.

AU NI GETI?

Lakini walinzi wetu wawili wana elimu sawa. Hapo elimu haijibu kitu. Ndipo tunapokuja kwenye utafiti mwingine wa Sabot, huu akiwa na David Lindauer, uliotolewa mwaka 1983. Walichukua takwimu za mwaka 1971 zilizokusanywa katika miji ya Tanzania, wakawalinganisha watu wenye elimu sawa na uzoefu sawa. Waliona kwamba wakati ule waajiriwa wa umma walilipwa zaidi kuliko wa binafsi wanaolingana nao. Mtu alilipwa kwa alichonacho kichwani na pia kwa geti aliloingilia.

Kwa nini mwajiri amlipe mtu zaidi ya kiasi ambacho mwingine angekikubali? Wachumi hutoa sababu kadhaa. Kampuni kubwa haiwezi kumwangalia kila mtu saa zote, kwa hiyo humlipa vizuri ili aogope kuipoteza kazi. Huchoka pia kufundisha watu wapya kila mwezi. Tena kampuni kubwa ina faida ya kugawana, na wafanyakazi wake wakiwa na chama hudai sehemu yao. Kampuni ndogo haina faida hiyo, haina chama, na mara nyingi imeshinda zabuni yake kwa kutaja bei ya chini kuliko wote. Bei hiyo ya chini anailipa mlinzi.

Mambo hayo hubadilika na nyakati. Wale wa umma waliokuwa juu mwaka 1971, miaka kumi baadaye walikuwa wanalia. Bei zilipanda kuliko mishahara, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 zaidi ya robo tatu ya thamani ya mshahara ilikuwa imeyeyuka. Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Manzese na Buguruni mwaka 1987 na 1988, alieleza jinsi familia zilivyoishi kwa miradi: maandazi, kuku, ushonaji, genge. Mshahara ukawa wa kujitambulisha tu kwamba nawe unafanya kazi mahali. Kazi zile za baba na mama waliozoea kuitwa wazururaji, ambao sheria ya nguvukazi ya mwaka 1983 ililenga kuwaondoa mjini, ndizo zilizolisha jiji.

JE, KUPANDISHA MSHAHARA HUFUKUZA KAZI?

Msikilizaji mmoja, mwenye kampuni yake ndogo, aliniambia: "Mnaposema tupandishe, mnataka tuwapunguze?" Swali lake ni la haki, na kwetu lina historia.

Mwaka 1962 Serikali iliunda bodi ya kima cha chini chini ya uenyekiti wa Donald Chesworth. Kutokana na mapendekezo yake, kuanzia Januari 1963 kima cha chini cha Dar es Salaam kikawa shilingi 150 kwa mwezi. Baada ya hapo ajira katika mashamba ya katani ilipungua vibaya. Mwaka 1967 Profesa H. A. Turner, aliyetumwa na Shirika la Kazi Duniani, aliiambia Serikali kwamba mishahara imepanda haraka mno kuliko kipato cha wakulima, na Serikali ikaanza kuibana. Wapo wanaoitaja habari hiyo hadi leo kama ushahidi kwamba mshahara mzuri ni adui wa ajira. Lakini katika miaka hiyohiyo bei ya katani duniani ilianguka, na kamba za plastiki zikaanza kuchukua soko. Mambo mawili yakitokea pamoja, utajuaje ni lipi lililofukuza watu?

Jawabu la namna ya kupima lilitoka mbali. Mwaka 1992 jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, wakati jimbo jirani la Pennsylvania halikupandisha. Wachumi David Card na Alan Krueger wakafuatilia migahawa 410 ya pande zote mbili, kabla na baada. Kama ni hali ya uchumi, ingewagusa wote. Kama ni mshahara, ingegusa upande mmoja. Mwaka 1994 walitoa matokeo kwamba ajira New Jersey haikupungua. Wenzao walibishana nao sana, lakini njia ile ya kulinganisha jirani na jirani ilibaki, na mwaka 2021 Card alipata Tuzo ya Nobel. Krueger alikuwa amefariki mwaka 2019.

Inawezekanaje mshahara upande na kazi zisipungue? Fikiria msichana aliyeletwa kutoka kijijini kufanya kazi za ndani Tabata au Mbezi. Hana nauli ya kurudi, hajui nyumba nyingine, simu anaazima. Mwajiri wake anaweza kumlipa chini sana ya thamani ya kazi yake, si kwa kukosa uwezo, bali kwa kuwa msichana hana pa kwenda. Sheria ikiinua mshahara wake kidogo, mwajiri bado anamhitaji na bado anapata faida. Lakini ukiuinua kupita kile ambacho mwajiri anaweza kumudu, hapo maneno ya mwenye kampuni ndogo yatatimia. Kazi ya bodi ni kuijua mipaka hiyo miwili.

Ipo tahadhari nyingine, nayo ilizaliwa jirani. John Harris na Michael Todaro, mwaka 1970, walieleza kwa nini mji unaweza kujaa watu wasio na kazi na bado wengine wakaendelea kuja. Tuchukulie mtu anapata sawa na shilingi 100,000 kwa mwezi kijijini Rufiji. Mjini kuna kazi ya shilingi 300,000, lakini nafasi ya kuipata ni moja kati ya tatu. Kwa hesabu yake, kubaki na kuja ni sawa. Ukipandisha mshahara wa mjini hadi 400,000 bila kugusa kijiji, kuja kunakuwa na faida, na watu watakuja hadi nafasi ishuke kuwa moja kati ya nne. Kenya iliona dalili zake mwaka 1964, pale Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipokubaliana kuongeza ajira. Waliosikia habari walimiminika Nairobi kutafuta kazi. Kwa hiyo anayetaka kuboresha mshahara wa Temeke asisahau bei ya korosho na mpunga.

HAKI AMBAYO TAYARI IPO

Ndugu msomaji, huenda unasema haya ni ya maprofesa. Basi tumalizie na yaliyo mikononi mwako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na tisa kwa siku. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki nne. Kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia tano kwa kila saa.

Sasa mrudie mlinzi anayefanya zamu ya saa 12, siku sita. Hata ukimwondolea saa moja ya kula kila zamu, ambayo wengi hawaipati kwa kuwa geti haliachwi, amefanya saa 66 kwa wiki. Ukitoa 45 zinabaki 21. Kwa wiki nne ni saa 84 za ziada, wakati sheria inasema 50. Ikiwa halipwi hizo saa, mshahara wake halisi kwa saa uko chini ya kima cha chini hata kama kwenye karatasi unaonekana umetimia. Ongeza na nauli. Tuchukulie anatumia shilingi 2,000 kwa siku kwenda na kurudi, basi kwa siku 26 ni shilingi 52,000. Kwa yule wa shilingi 148,000, zaidi ya theluthi ya mshahara ilibaki kwenye daladala.

Kwa hiyo, kwanza, dai maelezo ya ajira yako kwa maandishi, na kila ulipwapo dai karatasi inayoonyesha umelipwa nini na umekatwa nini. Zote mbili ni haki yako kisheria. Pili, andika mwenyewe saa zako katika daftari, siku kwa siku, maana mbele ya msuluhishi mwenye daftari ana maneno mengi kuliko mwenye hasira. Tatu, malalamiko yapelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mapema: siku 30 kwa aliyeachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Wengi hupoteza haki zao kwa kusubiri mwajiri atimize ahadi ya "njoo kesho". Nne, ulizeni ofisi ya kazi kundi lenu ni lipi katika amri ya sasa. Kuna waajiri wanaojiita wadogo siku ya kulipa na wakubwa siku ya kuomba zabuni.

Kwa upande wangu, sina ugomvi na tofauti inayotokana na ujuzi. Fundi aliyejifunza miaka mitano amzidi mwanagenzi, na wote tutasema ni sawa. Tofauti inayonitia mashaka ni ile isiyoweza kuelezwa kwa kazi wala ujuzi, bali kwa jina la mwajiri tu. Na mbali zaidi wapo mamantilie, wapiga debe na machinga ambao hawana mwajiri wa kumdai, wala amri yoyote ya mshahara haiwafikii. Hao watasaidiwa na mtaji wa bei nafuu badala ya mikopo ya kausha damu, na mahali pa kufanyia kazi bila kukimbizwa. Habari zao zinahitaji mazungumzo yao, nasi tutayafanya wiki ijayo panapo majaliwa.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Anayelinda mali ya watu usiku kucha anastahili walau kujua haki hiyo ni shilingi ngapi.